Injini ya Baba Mkwe Ndani ya Kijiko cha Obedi

Msiniletee injini kabla hamjaniambia inakwenda wapi. Nimelisema hili mpaka ulimi umeota sugu, na bado hamsikii. Juzi tu kijana mmoja kanifuata hapa nyumbani, mimi nimeshaweka spana chini, mgongo hautaki tena kuinama, ananionyesha picha ya injini kwenye simu. "Mzee, hii si itaingia?" Itaingia wapi? Hajaniambia. Kwenye lori, kwenye trekta, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mimi nitajuaje? Nikamuuliza, akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa.

Basi kaeni niwasimulie habari ya kijiko cha Obedi, maana ndiyo kazi iliyonimaliza. Mkishaisikia, atakayeniletea picha ya injini bila vipimo nitamfukuza na fimbo hii hii ninayotembelea.

Kijiko ninachosema si yale makubwa yanayochimba barabara. Ni kile kifupi, kinene, dereva anakaa ndani ya kizimba katikati, mikono miwili ya chuma inapita ubavuni kwake kushika bakuli la mbele, na injini iko mgongoni. Usukani hakina. Kinageuka papo hapo kwa kukwaruza matairi, upande mmoja unakwenda mbele na mwingine unarudi nyuma, kwa hiyo kinaingia mahali ambapo trekta lingekwama. Tena hakina giaboksi kama la gari. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili, na hiyo oili ndiyo inayozungusha matairi na kuinua mikono. Likumbukeni hilo la pampu. Injini ikifa unatafuta nyingine, lakini pampu ya kijiko kizee kama kile ikifa, umebaki na banda la kuku.

Obedi ni mtu wa Msangano. Kijiko alikinunua kikiwa kimeshachoka, akakitunza kwa jinsi anavyojua yeye, yaani kukiosha kila Jumamosi na kukipaka rangi. Alikuwa anachimba misingi ya nyumba, anapakia mchanga, anafukia mashimo. Mwaka mmoja kabla ya kazi hii, mfereji unaopeleka maji kwenye mashamba ya mpunga kwao ulijaa tope na watu wakakaa kubishana nani ausafishe. Mvua haikusubiri waelewane. Maji yalikosa njia, yakamwagika mashambani, yakalala juu ya mpunga mpaka ukaoza. Shamba la kwanza kuzama lilikuwa la mama yake mzazi Obedi. Yule mama alivuna majani.

Kwa hiyo mwaka uliofuata Obedi alisimama baada ya ibada, watu wote wapo, akasema mfereji ule atausafisha yeye kwa kijiko chake, na mvua ya kwanza itaukuta wazi. Watu wakapiga makofi. Mama yake akapanda mbegu zake kwenye kitalu. Kisha, kiangazi kikiwa kimekolea, injini ya kijiko ikafa.

Mnajua ilikufaje? Pumba. Alikuwa anasogeza marundo ya pumba kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pumba zikaingia kwenye rejeta zikaziba vitundu vyote, injini ikachemka, na yeye akaendelea kwa sababu alibakiza rundo moja tu. Rundo moja tu. Hilo neno limeua injini nyingi kuliko dizeli chafu. Silinda hedi ikapasuka, pistoni zikang'ang'ania ndani, na hapo hata ungeita maombi isingezunguka tena.

Sasa hapa ndipo anapoingia baba mkwe wake. Mzee Sinkala anakaa ng'ambo, upande wa Zambia, si mbali na Nakonde. Binti yake Anitha ndiye mke wa Obedi. Huku kwetu mnajua wenyewe, mpaka ni geti, ndugu wako pande zote mbili. Mzee alikuwa na mashine ya kusaga mahindi iliyoendeshwa na injini ya dizeli, umeme ulipofika akafunga mota, ile injini akaifunika mabati nyuma ya nyumba. Aliposikia mkwe wake amekwama, akaipandisha kwenye gari la mpwa wake na ujumbe mfupi: "Mpeni mkwe wangu. Atajua la kufanya."

Obedi akaja nayo gerejini kwangu Tunduma, imefungwa kamba za katani juu ya lori, na kijiko kinavutwa nyuma.

"Fundi, injini hiyo," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kijiko."

"Nani kasema hiyo ni ya kijiko?"

"Imetoka kwa baba mkwe."

Nikamwambia sikuuliza imetoka wapi, nimeuliza nani kasema ni ya kijiko. Akarudia vilevile, imetoka kwa baba mkwe. Hapo nikajua nimepata kazi ngumu, na ugumu wenyewe hauko kwenye chuma.

Nikajaribu kumweleza taratibu. Injini ya kusaga imejengwa isimame mahali pamoja, izunguke polepole mwendo ule ule kutwa nzima. Ya kijiko inatakiwa kukimbia, kushtuka, kupanda na kushuka na kulala upande. Nikamwambia hapa Tunduma watu wa mashine za kusaga wamejaa, tumtafute mmoja tubadilishane naye, tupate injini inayolingana na ile iliyokufa, na kazi itakwisha mapema. Obedi alinitazama kama nimemwambia amuuze Anitha.

"Nitoe zawadi ya mkwe? Akija akiulizia?"

"Basi muulize kwanza. Mwambie haifai, tunaomba kubadilisha."

"Nimuulizeje mimi?"

Na kweli, angemuulizaje. Wengine mmezaliwa mjini hamjui haya. Obedi tangu aoe hakuwahi kumwambia baba mkwe wake neno moja kwa mdomo wake. Mkwe hatazamwi usoni. Akiingia, unajikunyata, unageuka ubavu, na lolote la kusema linapita kwa mshenga. Mshenga wao alikuwa mzee mmoja mwenye busara zake, lakini alikuwa ameshafariki, na hakuna aliyekumbuka kuweka mwingine. Nikasema basi Anitha amuulize, si baba yake mzazi? Anitha alikuwa amekaa pale kwenye kivuli cha lori, akajibu bila kugeuza kichwa. "Nimwambie baba injini yake ni mbovu? Mimi? Nyinyi ndio mnaijua, semeni wenyewe."

Nikaomba namba ya simu nimpigie mimi. Obedi akasema nikimpigia itaonekana yeye ndiye kanituma. Nikasema haya. Nikavua shati, nikavaa ovaroli, na moyoni nimekasirika kabisa.

Aliyenifunza kazi, marehemu Fundi Haonga wa Vwawa, alikuwa na tabia moja tuliyokuwa tunaicheka. Kabla ya kunyanyua injini yoyote, anatutuma tukaokote maboksi dukani. Tunapima injini, tunakata maboksi, tunayagundisha kwa ugali mpaka tunapata injini ya karatasi yenye urefu, upana na kimo kile kile, na mahali pa rejeta, pa ekzosi, pa kichujio cha oili. Kisha tunaishusha ile ya boksi kwenye mashine. Pale inapojikunja ndipo chuma kitakapogoma. Tulikuwa tunamwona mzee wa watu ana muda wa kuchezea. Baadaye nikaona mafundi wazima wananing'iniza chuma kwenye cheni kuanzia asubuhi hadi jioni, wanakipandisha, wanakishusha, wanakata hiki, wanachomelea kile, vidole vinabanwa. Boksi halibani kidole. Hilo mlishike.

Tukatengeneza ya boksi. Tukaishusha. Ikajikunja kwa mbele, imezidi kiganja kizima. Kilichozidi ni puli, lile gurudumu pana lililokuwa linavuta mkanda wa kusagia. Nikasema vizuri, puli tunaing'oa, haina kazi.

"Puli ibaki," akasema Obedi.

"Ibaki ifanye nini?"

"Ilikuja na injini, fundi. Mzee akija akaona imepungua?"

Wanangu, kuna siku mtu anaongea mpaka unataka kumpa spana aendelee yeye. Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Mwisho nikakubali tuifunge kwa nje, kwenye chuma cha nyuma ya kijiko, iwe uzito wa kusawazisha bakuli likijaa. Yeye akafurahi, mimi nikaona aibu ya mafundi wenzangu wanaopita wakiuliza kijiko hiki kinasaga nini.

Baada ya boksi, jambo la pili ni kujua injini inazunguka upande gani. Injini hizi za kusaga usizione hivi hivi, nyingine zinazunguka kinyume, na kwenye kusaga haina shida kwa sababu mkanda ukiukunja kama tarakimu nane jiwe linageuka unakotaka. Kwenye kijiko pampu imeshikana na injini moja kwa moja. Ukiizungusha kinyume haivuti oili, inajisaga kavu, na wakati wewe unajiuliza mbona kijiko hakitembei, imeshakwisha. Nikamuuliza Obedi. Akasema kwa uhakika, inazunguka kulia, aliona mwenyewe jiwe likigeuka siku alipokwenda kuposa. Nikamuuliza mkanda ulikuwa umekunjwa au umenyooka. Siku ya kuposa nani anatazama mkanda.

Kwa hiyo tukaifunga injini kwenye magogo pale chini, tukaiunganisha betri, nikachora mstari wa chaki kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma, tukaiwasha. Ilikohoa moshi mweusi, ikatulia. Upande ule ule wa injini iliyokufa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa sababu kama ingekuwa kinyume, Obedi angetaka tugeuze kijiko. Na nikaiacha ikiwaka, nione inavuja wapi na inapata joto namna gani. Injini iwasheni chini kwanza. Ikishaingia mgongoni mwa kijiko, kila nati utaifikia kwa vidole viwili na matusi.

Kufika kwenye pampu ilibidi tuinue ile mikono ya chuma na kulaza kizimba mbele. Tukaiinua kwa cheni, na mimi nikaenda kunawa. Narudi, namkuta Obedi amelala chini ya mikono, ameikinga kwa gogo la mti wa mlingoti, na cheni ameshaifungua ili tukaitumie kwenye injini. Sikupiga kelele. Nilimwomba atoke taratibu, akatoka, nikakaa kwenye tairi, nikamwambia sigusi kitu mpaka niletewe stendi ya chuma. Ile mikono haina huruma na haina taarifa. Nimemzika mtu niliyekuwa nakula naye ugali mchana, na gogo lake lilikuwa nene kuliko la Obedi. Mti unapasuka kwa ndani bila kuonyesha. Kuna vijana hapa bado mnakinga kwa magogo, nawaona nikipita, na roho inaniuma.

Stendi ikaletwa. Kipande cha kuunganisha injini na pampu tulimpelekea mchonga vyuma wa Mlowo, akatuchongea sahani nzuri, matundu yamekaa. Injini ikashuka. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pampu nyingi zinapofia. Injini ikikaribia pampu, utaona zimebakiza nafasi kidogo, hazijagusana. Mtu mwenye haraka anachukua bolti ndefu anaanza kukaza, anazivuta zikutane. Zinakutana, ndiyo, lakini sasa injini inaisukuma pampu kwa ndani, shafti haina pa kupumulia. Itafanya kazi wiki moja, ya pili utasikia kilio, na ya tatu unaanza kuuza mbuzi. Fundi Haonga alikuwa anasema bolti haivuti, bolti inashika. Vitu vikutane vyenyewe kwanza, kwa mkono, ndipo uweke bolti. Na kwenye koplingi, pale injini inaposhikana na shafti ya pampu, uache uwazi wa unene wa jani la msumeno wa chuma.

Nikageuka kuchukua jani la msumeno, nikasikia spana inalia kriki, kriki. Obedi huyo, anakaza.

"Unafanya nini?"

"Nazikaribisha, fundi. Zimebakiza kidogo tu."

Kidogo tu. Kama lile rundo moja tu la pumba. Nikamnyang'anya spana. Nikamwambia, "Mvua ikija na pampu imekufa, utasafisha mfereji kwa nini? Kwa puli ya mkwe?" Akainamisha kichwa. Akasema polepole, "Fundi, mama ameshapanda kitalu. Kila nikimpigia ananiuliza kama mashine imepona. Namwambia kesho." Hasira zangu zikapungua, lakini spana sikumrudishia. Tukafungua, nikasogeza injini kwa nondo, nikaweka visahani vyembamba chini ya miguu yake, nikapima, nikasogeza tena. Kazi ya namna hiyo haina ujanja mwingine, ni kurudia mpaka ikubali.

Ikakubali. Tukaiwasha. Kijiko kikatembea, kikainua mikono, Obedi akaimba. Hatujafika mbali, mshale wa joto ukapanda juu kabisa.

Nikaenda nyuma, nikaweka karatasi kwenye rejeta. Karatasi ikanyonywa ikaganda pale. Kumbe Obedi amefunga feni ya injini ya kusaga, inayovuta hewa kuja kwenye injini. Kijiko kile rejeta iko mkiani, feni yake inatakiwa kusukuma hewa itoke nje. Ile ya kusaga ilikuwa inavuta vumbi na makapi na moshi wa ekzosi kuvirudisha ndani. Obedi akasema rahisi, anaifungua anaigeuza, ya mbele iwe nyuma. Nikamwambia haibadiliki. Akageuza. Nikaweka karatasi, ikanyonywa. Akageuza tena, eti labda mara ya kwanza hakuigeuza vizuri. Vijana, panga la feni limekunjwa kama skrubu. Skrubu hata uigeuze kichwa chini inaingia upande ule ule. Ukitaka hewa ibadili njia, tafuta feni iliyokunjwa kinyume. Na sisi tulikuwa nayo, feni ya injini iliyokufa, iko pale kwenye takataka, inahitaji kutobolewa matundu mapya tu.

"Lakini hii ya mzee..." akaanza.

"Obedi," nikamwambia, "ukiitaja feni ya mzee tena naenda Nakonde sasa hivi kwa miguu kumuuliza mwenyewe." Akaenda kuiokota ile ya zamani. Ile feni ya mzee tukaifunga pembeni ya puli, kwa nje, ionekane.

Likabaki la mwendo. Injini ya kusaga ina gavana, kidude kinachoizuia isikimbie kupita ilivyojengwa. Kwa hiyo kijiko kilikuwa kinatembea kama mzee anayekwenda msibani. Obedi akataka tukaze springi ya gavana kikimbie. Hilo nilikataa na sikubishana. Injini ya namna ile ukiilazimisha itatema vyuma vyake ubavuni, na wewe umekaa mbele yake. Nikamwambia achukue kijiko chake aende Msangano, aanze mapema, asisimame. Nguvu kinayo, tena kuliko zamani, na kwa uzito ule wa nyuma hata bakuli likijaa tope hakiinami. Miguu ya mbio ndiyo hakina.

Nilimfuata baada ya muda, nimekaa nyuma ya bodaboda na boksi langu la spana, kwa sababu nilikuwa silali kwa kuwaza joto la ile injini. Nikakuta watoto wanakipita kijiko kwa miguu na kurudi tena kukipita. Mawingu yalikuwa yameshaanza kurundikana kila mchana. Kazi iliyobaki ilikuwa nyingi kuliko ilivyotakiwa, na Obedi hakuwa anashuka hata kula, Anitha anampandishia sahani humo humo kizimbani. Mama yake alikuwa amesimama kwenye ukingo na jembe. Kisha akashuka mfereji akaanza kuvuta tope la pembeni ambalo bakuli halifikii. Mwanamke mwingine akashuka. Baadaye wakawa wengi, wale wale waliobishana mwaka uliopita. Mimi kazi yangu ilikuwa kuweka kiganja kwenye rejeta na kupangusa makapi, maana pumba nazijua.

Mvua ilidondoka wakati Obedi anatoa kizuizi cha mwisho. Kesho yake maji yakaja mekundu kutoka juu, mazito, yamebeba matawi. Yakafika kwenye kona ya shamba la mama Obedi, mahali yalipovunjia mwaka uliopita. Yakazunguka pale kidogo, kisha yakafuata mfereji yakaenda zake. Mama Obedi alikaa chini kwenye tope akalia. Mimi pia macho yaliniwasha, na msiniulize zaidi.

Siku hiyo hiyo akafika Mzee Sinkala. Habari za mkwe wake aliyeokoa mpunga zilikuwa zimevuka mpaka, naye akapanda bodaboda aje aone. Kijiko kilikuwa kinaunguruma, kinavuta matawi kwenye mdomo wa mfereji. Obedi alipomwona, akapunguza mwendo wa injini, akashuka, akajikunyata kando na kugeuza ubavu kama ada ilivyo. Kwa hiyo mzee akaniuliza mimi, kwa neno la heshima la kwao.

"Mukwai, hiyo sauti ni ya injini yangu?"

"Ni yako, mzee. Imekaa vizuri."

Akazunguka nyuma. Akaona puli. Akaona feni. Akavigusa kwa kidole kimoja kimoja.

"Na hivi mmevifunga hapa vya kazi gani?"

"Mkweo hakutaka chako kipotee."

Mzee alicheka mpaka akashika mgongo wa kijiko. Alipopata pumzi akasema, taratibu kabisa, "Mimi niliituma ili auze. Anunue inayofaa. Kuna watu wa mashine za kusaga walikuwa wananisumbua kila siku ya soko wanaitaka. Nikasema nitampa mkwe wangu, atajua la kufanya."

Mimi nilitafuta mahali pa kukaa. Nikaukumbuka mgongo wangu, nikakumbuka maboksi, sahani ya Mlowo, zile mara mbili za kugeuza feni.

Ndipo Obedi akasimama. Akageuka, akamtazama baba mkwe wake usoni, mbele ya mke wake na mama yake na watu wote wenye majembe.

"Baba," akasema, "si ungesema."

Anitha akajifunika kanga mdomoni. Mama Obedi akatazama maji. Mzee Sinkala naye akamtazama kijana wake vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ampe binti.

"Na wewe," akasema, "si ungeuliza."

Kwa kule kutazamwa usoni, hakuna faini aliyoitaka. Akaomba apandishwe kizimbani aonyeshwe jinsi ya kuinua bakuli, Obedi akasimama pembeni akimwelekeza, kwa mdomo wake, hiki vuta, hiki kanyaga. Nilipomwambia mzee kwamba sasa tunaweza kuitoa tutafute inayofaa, akakataa. Akasema imeshazoea.

Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Kijiko bado kinafanya kazi Msangano, polepole hivyo hivyo, puli mgongoni. Wiki iliyopita Obedi kanifuata hapa, kakaa kwenye kigoda hicho ulichokalia wewe, kachoka, ananilalamikia. Baba mkwe anampigia simu kila asubuhi kabla hajanawa uso. Umepima oili? Umepangusa rejeta? Belti imelegea? Hamalizi. Akikata anakumbuka lingine anapiga tena.

"Fundi," akaniambia, "mimi nifanyeje na huyu mzee?"

Nikamwambia atafute mshenga.